Kadi Nyekundu ya Mama Panya

Jina la Mama Panya hakupewa na wazazi. Alilipata kazini, katika jengo la utafiti, ambako kazi yake ilikuwa kutunza panya weupe. Aliwabadilishia maranda kwenye makasha yao, akawajazia maji katika chupa zenye mrija wa chuma, akawapima uzito mmoja mmoja kwenye mizani ndogo, na aliyepungua alimsemesha kwa upole mpaka panya mwenyewe akaona haya. Kila asubuhi kabla ya kugusa kasha lolote alifunga mlango, akainamisha kichwa na kusali: "Ee Mungu, hawa nao ni viumbe wako. Wape afya. Na wale wa nyumbani kwangu, unisamehe, jana nimewategea mtego tena."

Katika chumba hicho kulikuwa na sheria moja ambayo Mama Panya aliishika kama amri ya mbinguni. Panya wapya walipoletwa kutoka mbali walitengwa katika chumba cha pembeni, na juu ya kasha lao ikatundikwa kadi nyekundu yenye maandishi meusi: WAGENI. WASIGUSWE. WASISHIKWE MKIA. CHAKULA NA MAJI TU. MLANGO UFUNGWE POLEPOLE. Panya aliyetoka safari ana hofu. Ukimshikashika hali, hanenepi, na kila kipimo utakachompima kitakudanganya. Kwa hiyo Mama Panya aliingia humo kwa ncha za vidole, akaweka chakula, akatoka. Siku moja Daktari mwenyewe, mwenye utafiti wake, alitia kichwa mlangoni huku akipiga mluzi. Mama Panya alimtazama tu.

"Daktari, husomi?"

Daktari alisoma kadi, akaukata mluzi katikati, akarudi kinyumenyume kama mtu aliyeingia bafu lisilo lake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kazini. Nyumbani ilikuwa habari nyingine kabisa, na huko ndiko tunakokwenda.

Nyumbani aliishi na mawifi zake wawili, dada za marehemu mumewe. Walikuja siku za msiba kumliwaza, wakamliwaza vizuri mno, hata wakasahau njia ya kurudi kwao. Wifi mkubwa alikuwa mtu wa umbo, akikaa kwenye kochi la watu watatu, wawili waliobaki wanatafuta pa kukaa. Wifi mdogo alikuwa mwembamba, hatulii, mkononi ana kitambaa cha kufutia vumbi saa zote, hata kanisani au msibani ungemwona anafuta kiti kabla ya kukikalia na baada ya kukiacha. Wote watatu walikuwa watu wema. Naliweka wazi hilo mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu akadhani vingine.

Mama Panya alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, fundi wa kupanda minara ya simu. Kijana akaoa. Mkewe alikuwa fundi wa kutengeneza simu zilizoharibika, msichana wa maneno machache, mwenye vidole vinavyoweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Alikulia kwa baba yake, wao wawili tu, katika nyumba ambamo kelele kubwa kuliko zote ilikuwa ya birika likichemka. Harusi haijapoa, mume akaitwa kazini kwenye minara ya mbali. Akamwambia mama yake, "Mama, nakuachia mke wangu. Mtunze."

Mtunze! Kumwambia Mama Panya atunze ni sawa na kuiambia mvua ilowanishe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ile mgeni hakupewa jembe wala ufagio, hata kijiko chake mwenyewe hakuachiwa. Akiinua kikombe akaoshe, kinanyakuliwa. Akifungua dirisha, mtu anakuja kulifungua zaidi. Akikaa peke yake kidogo, wifi mkubwa anafika na kujitupa kando yake, kochi linalia, "Nimekuja ili usiwe mpweke, mwanangu," naye anakaa hapo mpaka adhuhuri akimhadithia magonjwa ya watu ambao msichana hawajui. Akisema ameshiba, wanacheka. Nani amewahi kushiba?

Akienda kuoga, hata bafu likiwa humo humo chumbani mwake, wifi mkubwa alisimama nje ya mlango wa bafu.

"Mwanangu, maji yana joto?"

"Yana joto, Shangazi."

"Sabuni ipo?"

"Ipo, Shangazi."

"Taulo je?"

"Ninalo."

"Sasa unafanya nini?"

Kimya.

"Wifi! Njooni, hajibu!"

Na wote watatu wakajaa mlangoni, mmoja na mafuta ya kuchua, mmoja na maji ya kunywa, mmoja na kitambaa.

Lakini lililoharibu kabisa ni la meza. Msichana alipata wateja wachache pale mtaani, akaweka meza ndogo karibu na dirisha la chumba chake. Siku moja alikuwa ameifungua simu ya mtu, skrubu zake amezipanga juu ya kitambaa cheupe kwa safu, kila moja mahali pake, akaenda kidogo kunawa mikono. Aliporudi meza ilikuwa inang'aa kama kioo. Wifi mdogo alisimama pembeni, anatabasamu.

"Nimekufutia, mwanangu. Palikuwa na takataka za chumachuma."

Mwenye simu alipobisha hodi aliwakuta wanawake watatu wazima wanatambaa sakafuni kwa magoti, wifi mkubwa akiwa nusu chini ya kitanda na nusu hawezi kutoka. Skrubu mbili hazijaonekana mpaka leo. Mteja aliondoka na simu yake imefungwa kwa mpira, na habari ikamtangulia mtaani. Wateja wakakoma.

Msichana hakusema neno. Alikonda tu. Mashavu yaliingia ndani, kanga ikawa inamzunguka mara mbili na ncha inabaki. Wao walipoona anakonda wakaongeza mapenzi: uji asubuhi, mayai saa nne, supu kabla ya chakula na maziwa baada yake, na mtu wa kumtazama akimeza.

Jioni moja Mama Panya aliingia chumbani kwa mkamwana wake bila kubisha, maana mama na hodi wapi na wapi, akaona begi. Lilikuwa sakafuni, limefungwa zipu. 

"Mwanangu, hili begi?"

"Kesho nakwenda kwa baba, Mama. Kupumzika kidogo."

"Kupumzika? Hapa umechoshwa na nini, mtoto wa watu, hata kikombe huoshi?"

Msichana alimtazama, macho yakajaa machozi. "Ndiyo hiyo, Mama," akasema polepole.

Mama Panya hakuelewa. Alikwenda jikoni na kuwapa mawifi habari, na kilio kikaanza. Mwanawe angerudi kutoka minarani aambiwe nini? Kwamba alimwachia mama yake mke mmoja tu, na mama anayetunza makasha chungu nzima amemshindwa huyo mmoja?

"Ni upweke," wifi mkubwa alihukumu, anafuta machozi. "Kesho asubuhi tumzunguke wote, asipate nafasi hata ya kulishika hilo begi. Tukae naye kutwa nzima!"

Lakini asubuhi iliyofuata Mama Panya alikuwa zamu. Alikwenda kazini moyo mzito. Kabla hajatoka alimsihi mkamwana wake asubiri walau siku moja zaidi, waagane vizuri. Msichana, kwa kuwa alilelewa, alikubali.

Huko kazini Mama Panya alimkuta Daktari amelaza paji la uso juu ya meza, kando ya darubini.

"Mama, zimekufa," alisema bila kuinuka.

Mama Panya aliangusha ndoo. "Panya wangu?"

"Panya wazima. Zilizokufa ni za ndani ya vifuko."

Habari za vifuko Mama Panya alikuwa akizijua juujuu. Panya wale walikuwa na ugonjwa wa kisukari. Daktari alikuwa amewawekea tumboni vifuko vidogo vya mviringo, kama punje za ulezi, vya plastiki laini inayotengenezwa pale pale maabarani. Ndani ya kila kifuko aliweka seli hai zinazotoa dawa ya sukari, ile insulini. Ngozi ya kifuko ilikuwa na matundu madogo mno, mfano wa neti ya mbu: hewa na chakula vinapita kuingia, dawa inapita kutoka, lakini seli za ulinzi za mwili, ambazo hazipendi wageni, hazipiti. Mwanzoni sukari ilishuka vizuri, Daktari akawa anapiga mluzi kila mahali. Kisha ikapanda tena.

"Pole, mwanangu. Nani ameziua?"

"Hakuna aliyeziua. Tazama."

Mama Panya alivua miwani yake, akaivaa tena, akainama kwenye darubini. Aliona viduara, lakini vimegandiwa na utando mweupe mnene, kama ukoko uliokataa kutoka sufuriani.

"Seli za ulinzi zikikuta kitu kigeni," Daktari alieleza, "kawaida yao ni kukimeza. Sasa kifuko ni kikubwa kwao. Ni kama wewe umeze tikiti zima. Zinashindwa. Basi zinakilalia."

"Zinakilalia?"

"Zinakikumbatia. Zikishindwa zaidi, zinaungana kadhaa na kuwa seli moja kubwa sana. Halafu zinaita wenzao, na hao wanafuma kitu kama mkeka juu yake, tabaka juu ya tabaka. Mwisho hewa haipiti, chakula hakipiti. Walioko ndani wanakufa kwa njaa, na hakuna hata mmoja aliyewauma."

Mama Panya aliinua kichwa polepole. "Zina chuki nacho?"

"Chuki inatoka wapi, Mama? Zinatunza mwili. Ni kazi yao."

"Zinamlalia, zinaitana, zinamfunika, na hazina chuki."

"Hata chembe."

"Na huyo wa ndani hapigi kelele?"

"Hana mdomo, Mama."

"Anakonda tu," alisema Mama Panya, akatafuta kiti bila kukiangalia, akakalia mfuko wa maranda.

Daktari, ambaye hakujua kuwa amemaliza kueleza mambo ya nyumba ya watu, alisogeza kioo kingine. "Sasa tazama hivi. Panya wa kasha la dirishani. Hawa tuliwabadilishia plastiki ya nje tu."

Vilikuwa viduara safi, vinang'aa kama umande juu ya jani.

"Huku seli za ulinzi hazikuja?"

"Zilikuja. Hizi zinakuja, zinagusa, zinaondoka."

Mama Panya, kwa haraka ya moyo wake, alibeba neno la mwisho na kuyaacha mawili ya mbele. Alisimama. "Daktari, naomba kadi nyekundu moja."

"Umeletewa panya wapya?"

"Ninaye mmoja nyumbani."

Daktari alifikiri kidogo kama hilo linaruhusiwa, kisha akampa, maana mama yule hakuwahi kumwomba kitu.

Jioni aliwakusanya mawifi zake jikoni, akafunga mlango.

"Jamani, sisi ni seli."

"Nani seli?" wifi mkubwa aliuliza.

"Sisi. Tumemlalia mtoto wa watu, tumemfunika, hapumui."

"Mimi nimemlalia nani? Mimi nimempikia supu!"

"Ndiyo kumlalia kwenyewe, wifi. Na Daktari alisema zikishindwa zinaungana zinakuwa seli moja kubwa sana."

Wifi mkubwa aliweka mikono kiunoni. "Mbona unanitazama mimi ukisema kubwa?"

"Sikutazami."

"Unanitazama. Wifi, mwili huu nimepewa na Mungu, sikuiba kwa mtu."

Wifi mdogo alikuwa anafuta meza kwa kasi, kisha akaacha. "Zile skrubu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyefuta zile skrubu." Akakitazama kitambaa chake kama mtu anayetazama kisu.

Mama Panya aliwapa amri: kesho tangu alfajiri hakuna wa kumgusa, hakuna wa kumsemesha, hakuna wa kumkaribia. Akatoa ile kadi, na msichana alipokuwa amelala akaitundika kwa uzi juu ya kitasa cha mlango wake, upande wa nje. Wifi mkubwa, ambaye miwani yake ilivunjika zamani na hakuwahi kununua nyingine, aliona wekundu tu.

"Yaani, wifi, nimepewa kadi nyekundu katika nyumba ya kaka yangu mwenyewe?"

"Shsss. Mlango ufungwe polepole."

Alfajiri Mama Panya alisali sala ndefu kuliko zote. Hakumwomba Mungu amzuie msichana. Alimwomba amfunge yeye mdomo.

Msichana aliamka akakuta nyumba imekufa kimya. Hakuna uji uliomfuata kitandani, hakuna mtu nje ya bafu. Alioga, akasubiri aulizwe kuhusu sabuni, hakuulizwa. Alivaa. Akasubiri. Mwisho alichukua begi lake akafungua mlango, na jikoni akawakuta watatu wamekaa kwa mstari kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani, kama watoto waliofukuzwa darasani. Hakuna aliyempokea begi. Hakuna aliyemuuliza amelalaje. Wifi mkubwa alikuwa ameuma pindo la kanga yake, mashavu yamevimba, machozi yanamtoka kwa juhudi za kutosema.

"Shikamooni," alisema msichana.

Wakaitikia kwa vichwa.

Alisimama pale, begi mkononi. "Nimewakosea nini?"

Mawifi wote wawili walimgeukia Mama Panya. Mama Panya alitazama dari.

"Ni kwa sababu naondoka? Ndiyo mmenichukia hivi?" Akageuka haraka kurudi chumbani asilie mbele yao, na hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na ile kadi, inaning'inia kwenye kitasa chake. Alisimama. Aliishika. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma hukumu yake:

"Wageni. Wasiguswe." Akashusha kidole. "Wasishikwe mkia."

 Mama Panya alitamani ardhi imfunike. Miaka yote ameisoma kadi ile, na jana kwa haraka hakukumbuka kwamba ina mkia.

"Mama," msichana aliita. "Mimi ni panya?"

"La, mwanangu! Mungu apishe mbali! Wewe ni kifuko!"

"Ni nini?"

"Kifuko! Cha plastiki! Na sisi ni seli, na shangazi yako ndiye ile kubwa..."

"Nilijua!" Wifi mkubwa alitema kanga. "Nilijua alikuwa ananitazama mimi!"

Na Mama Panya akasimama katikati ya jikoni akaeleza yote: neti ya mbu, tikiti, ukoko, mkeka wa tabaka tabaka, na walioko ndani wanaokufa bila mdomo. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akasahau, akaanza upya, na alipofika kwenye "hazina chuki, mwanangu, hazina chuki hata chembe," sauti ikamkatika.

Msichana alikuwa ameinamisha uso. Mabega yalimtikisika. Wifi mdogo, akidhani analia, aliinuka na kitambaa, akakumbuka, akakaa tena. Lakini hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Tangu aingie nyumba ile hawakuwahi kukisikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa ajabu kwa mtu mwembamba vile, kikammalizia nguvu hadi akalikalia begi lake.

"Wasishikwe mkia," alirudia, akaanza tena. Wifi mkubwa, asiyejua kucheka kidogo, alidakia, na benchi likayumba na wote waliolikalia.

Walipotulia, Mama Panya akajifuta macho. "Basi sema mwenyewe, mwanangu. Mdomo unao."

Msichana alifikiri. "Nataka kuosha kikombe changu."

Wifi mkubwa alijishika kifua kama aliyepewa habari ya kifo. Lakini akanyamaza.

"Na meza yangu isifutwe, Shangazi, hata ikiota majani. Na nje ya bafu asisimame mtu." Alisita, akaichezea ile kadi. "Lakini msinyamaze hivi tena. Leo nimeamka nikadhani nimekufa mimi, au ninyi. Njooni tu. Halafu muende."

Mama Panya alijipiga paji la uso. "Daktari alisema hivyo hivyo! Zinakuja, zinagusa, zinaondoka! Ee Mungu, mimi nimeshika kuondoka tu!"

"Na begi?" aliuliza wifi mdogo, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

Msichana alilitazama. Kisha akafungua zipu, akatoa kifuko chake cha bisibisi, akaenda kukiweka juu ya meza ya dirishani. Nguo alizitoa baadaye. Halafu alirudi jikoni, akanywa chai, na akaosha kikombe chake mwenyewe mbele ya wanawake watatu waliomtazama kama anampasua mtu. Kikombe kilibaki na povu kidogo karibu na kishikio chake. Wifi mkubwa aliliona. Alifumba macho, midomo ikimcheza, na aliyekuwa karibu alisikia anamwomba Mungu nguvu.

Mchana kadi ilikuwa mlangoni tena, safari hii kaitundika msichana mwenyewe, maana jirani mmoja alikuwa ameleta simu. Nyumba ilitulia. Hatua nzito zikaja barazani, zikasimama. Kidole kimoja kikagusa mlango.

"Nagusa tu, mwanangu. Naondoka."

"Asante, Shangazi."

Hatua zikaenda. Zikasita. Zikarudi.

"Kile kikombe kilibaki na povu."

"Shangazi!"

"Naondoka, naondoka."